Pole Peke Yake Haiondoi Hatari: Kusuluhisha Migogoro ya Usalama na Afya Kazini

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia, Moshi



Mada tuliyopewa inahusu migogoro ya usalama na afya kazini na namna ya kuisuluhisha. Wapo watakaojiuliza mada hii inaihusu vipi kamati ya parokia, kwa kuwa nchi ina sheria, ina wakaguzi na ina mahakama. Jibu letu ni kwamba mtu akiumia kazini huku kwetu, habari humfikia jirani, mzee wa ukoo na kiongozi wa jumuiya kabla haijafika ofisi yoyote ya serikali. Mwajiri naye mara nyingi ni mtu tunayemfahamu, pengine tunakaa naye benchi moja kanisani. Hivyo kamati huitwa kupatanisha, itake isitake. Lililobaki ni kujua kupatanisha vizuri.

Wagumu wa mlima

Tuanze na kazi inayolisha nyumba nyingi kuanzia Marangu hadi Machame, yaani kazi ya upagazi. Vijana wenyewe hujiita wagumu, na kweli ni wagumu. Lakini mlima haumjui mgumu wala mlegevu. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na huko oksijeni anayoipata mtu kwa kila pumzi ni karibu nusu ya ile ya pwani. Kambi za juu, kama Kibo na Barafu, ziko zaidi ya mita 4,600. Kijana aliyelala jana mjini Moshi, chini ya mita 1,000, anaweza kuugua ugonjwa wa mwinuko sawasawa na mgeni aliyetoka Ulaya. Kichwa kikimuuma na kutapika, asiendelee kupanda. Akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema hali amekaa, dawa ya kwanza ni kumteremsha mara moja, hata kama ni usiku.

Kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa kazi anaobeba mpagazi usizidi kilo 20, na ndiyo maana mizigo hupimwa kwenye mizani getini. Tangu mwaka 2003 upo pia mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi KPAP, wenye ofisi hapa Moshi. Mradi huo umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani na kufuatilia jinsi makampuni yanavyowatunza. Kwa hiyo si kwamba hakuna kanuni, wala si kwamba hakuna anayejali. Migogoro huzuka katika nafasi iliyopo kati ya kanuni na njia. Mzigo hupimwa getini, lakini hakuna mizani kila kambi. Hema la wapagazi linavuja, lakini mgeni haingii humo. Kijana anayelalamika anaogopa kwamba safari ijayo jina lake halitakuwamo.

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga sisi, haumhusu mtu yeyote wala kampuni yoyote, ingawa wengi mtauona una sura mnayoijua. Kijana anapita getini na kilo 20. Mbele kidogo wenzake wawili wanarudishwa, mizigo yao inagawanywa, naye anaongezewa. Siku ya kuteremka, mvua inanyesha, njia inateleza, anaanguka na goti linavunjika. Wiki ya pili mwenye kampuni anafika nyumbani na mchele, sukari na bahasha. Ni mtu mwema, amesikitika kweli. Wazee wanakaa, kamati inaitwa, inaandikwa karatasi kwamba pande zote mbili hazidaiani. Sala inasaliwa, watu wanapeana mikono.

Je, mgogoro umekwisha? Baada ya miezi minne goti halikunjiki. Fedha ya bahasha imeliwa na nauli za hospitali. Na mlimani, kijana mwingine wa kijiji hicho hicho anaongezewa mzigo baada ya mizani, kama ilivyokuwa mwanzo.

Isale na mfereji

Sisi watu wa mlima huu tunalo jani la isale. Wazee wametufundisha kwamba anayeletewa isale hana budi kusikiliza na kusamehe. Ni urithi mzuri, na tungependa uendelee. Lakini isale ni la kuponya uhusiano kati ya watu wawili. Halipunguzi kilo za mzigo, wala haliwezi kulinyoosha goti.

Wazee hao hao walituachia na mifereji. Kila anayekunywa maji ya mfereji anatakiwa kutoka kwenda kuusafisha, na asiyetoka hutozwa faini. Hapo hakuna anayesubiri maji yabomoe shamba la jirani ndipo aulize nani wa kulaumiwa. Hizi ni hekima mbili, na mgogoro wa usalama kazini unazihitaji zote mbili. Mazoea ni kuanza na isale na kuishia hapo. Sisi tunapendekeza kamati yoyote inayoitwa kupatanisha ijiulize maswali matatu, tena kwa utaratibu huu:

Kwanza, hatari yenyewe imeondolewa? Pili, aliyeumia amepata haki yake yote kwa mujibu wa sheria? Tatu, uhusiano umepona?

Swali la tatu likitangulia, yale mawili ya mwanzo husahaulika, kwa sababu baada ya kupeana mikono hakuna anayetaka kuonekana mchokozi. Maswali mawili ya mwanzo yakijibiwa, la tatu huwa jepesi.

Njia tatu zinazochanganywa

Katika kuzungukia vijiji tumeona kwamba watu wengi huijua njia moja tu, nayo ni kwenda kushitaki. Ukweli ni kwamba nchi yetu ina milango mitatu, na kila mlango una kazi yake. Anayebisha hodi mlango usiohusika hupoteza siku, na katika mambo haya siku zina thamani.

Mlango wa kwanza ni wa hatari. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao wengi tunauita OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, na sheria inayousimamia ni Namba 5 ya mwaka 2003. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuagiza marekebisho, na kuzuia kazi yenye hatari isiendelee. Hapa hakuna haja ya kusubiri mtu aumie. Aidha, sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne kuteua kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya miongoni mwao. Ni vema kamati ikaanza na swali hilo dogo kwa mwajiri: mwakilishi wenu ni nani? Mahali ambapo jibu lipo, migogoro mingi huishia ndani.

Mlango wa pili ni wa ajira yenyewe, kama vile ujira uliokatwa, mkataba uliovunjwa, au kuachishwa kazi. Huu ni wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, iliyoundwa kwa Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, na ambayo ina ofisi hapa Moshi. Mlalamikaji hujaza Fomu Namba 1 na kumpelekea mwajiri nakala. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa upelekwe ndani ya siku 30, na mingine ndani ya siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini itabidi aeleze sababu ya kuridhisha. Msuluhishi anapewa siku 30 kuzikutanisha pande mbili, na muda huo huongezwa kwa makubaliano yao tu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Jambo moja lisisitizwe: mlalamikaji asipofika siku ya usuluhishi, lalamiko lake linaweza kutupwa, na mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuamua bila yeye. Kijana wa Rombo asiye na nauli ya kufika Moshi anaweza kupoteza haki yake kwa kukosa nauli tu. Hilo kamati inaweza kulizuia.

Mlango wa tatu ni wa aliyeumia au aliyeugua kwa ajili ya kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, umetokana na sheria Namba 20 ya mwaka 2008, na ulianza kupokea michango Julai 2015. Mfuko hugharimia matibabu, humlipa mfanyakazi kipindi ambacho hawezi kufanya kazi, hulipa ulemavu wa kudumu, na mfanyakazi akifariki hulipa gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7 baada ya kuarifiwa. Ajali ikikaa miezi 12 bila kuarifiwa, haki inaweza kupotea.

Rudini sasa kwenye mfano wetu. Karatasi ya kutodaiana ilipoandikwa, hakuna aliyeuliza kama Mfuko umearifiwa. Bahasha ya pole ni upendo, nasi hatuikatai. Fidia ni haki inayotokana na michango ambayo mwajiri huilipia. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na kamati isikubali vichanganywe katika karatasi moja.

"Huyu si mwajiriwa wetu"

Tunajua jibu ambalo kamati zitakutana nalo: kijana huyu ni wa kuitwa, hana mkataba, si mwajiriwa. Jibu hilo lisiwakatishe tamaa. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa endapo mojawapo ya dalili zilizotajwa ipo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dalili hizo ni pamoja na kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupewa vifaa vya kazi, na kumtegemea mtu huyo kiuchumi. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema mwajiri akishindwa kuleta maelezo ya ajira ya maandishi mbele ya Tume au mahakama, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake.

Lakini hatutaki kuwapa matumaini ya uongo. Sheria hiyo hiyo, katika sehemu inayozuia kuachishwa kazi isivyo haki, haimlindi mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri mmoja, hata kama alikuwa na mikataba kadhaa. Mpagazi anayehama kampuni hii kwenda ile kila msimu anaweza kujikuta nje ya kinga hiyo. Akiachwa kwa sababu alisema mzigo ni mzito, njia ya kumrudisha ni nyembamba. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutomwachia kijana mmoja alisemee jambo hili peke yake. Sauti ya mmoja hufutwa kwa kufuta jina lake. Sauti ya kikundi, ya chama cha wafanyakazi kama CHODAWU katika hifadhi na hoteli au TPAWU mashambani, au ya kamati ya parokia, haifutiki kirahisi.

Kamati ifanye nini

Kamati si mahakama, wala isijigeuze kuwa mahakama. Kazi yake tunaiona katika mambo manne.

La kwanza ni kuandika. Siku ya ajali, mahali, uzito wa mzigo, waliokuwepo, dawa zilizotolewa, na nani aliarifiwa saa ngapi. Yaandikwe katika daftari moja, wiki ile ile, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na huruma au hasira.

La pili ni kuhesabu siku. Siku 7, siku 30, siku 60, miezi 12. Tunapendekeza namba hizi zibandikwe ukutani katika ofisi ya parokia, karibu na ratiba ya misa.

La tatu ni kusindikiza. Sheria inamruhusu mtu mbele ya Tume awakilishwe na kiongozi wa chama chake, na wakili, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Mwalimu mstaafu wa kigangoni anayejua kusoma fomu kwa makini anaweza kuwa msaada mkubwa kuliko mchango wa fedha.

La nne ni kuzungumza na mwajiri mapema, kwa heshima, na kwa jambo mahususi. Usimwambie "unatesa vijana." Mwambie: "Tunaomba mzigo upimwe tena kambi ya kwanza, na vijana wapewe hema lisilovuja." Waajiri wengi wa hapa ni watu wadogo wanaoshindana kwa bei, na mgeni anayetafuta safari ya bei ya chini kuliko zote ana sehemu yake katika mzigo uliozidi. Mwajiri mdogo pia ana faida katika kufuata sheria. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa sekta binafsi ulishushwa hadi asilimia 0.5 ya mishahara mwaka 2022. Anayelipa mishahara ya shilingi milioni 10 anachangia shilingi 50,000, tena haikatwi kwa mfanyakazi. Ajali moja bila Mfuko inaweza kufilisi kampuni na familia kwa pamoja.

Yanayotuhusu sisi kama waajiri

Ndugu wajumbe, mazungumzo haya hayawezi kuishia mlimani. Parokia nazo ni waajiri. Tunajenga makanisa na madarasa, na mafundi hupanda kwenye majukwaa ya miti iliyofungwa kwa kamba. Tunaendesha zahanati zenye sindano zilizotumika, na shule zenye majiko ya moshi. Wakulima wetu wa kahawa humpa kibarua bomba la kupulizia dawa bila kinga ya mdomo wala mipira ya mikono, kisha nguo zile zile anakwenda nazo nyumbani kubeba mtoto.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba yake. Tazameni kwamba agizo linatolewa wakati wa kujenga, si baada ya msiba. Linamtaja mwenye nyumba, halimwambii mpita njia awe mwangalifu. Na linahesabu gharama ya ukingo kuwa sehemu ya gharama ya nyumba.

Hapa tunawageukia wafadhili wetu. Tunaomba kila andiko la mradi wa ujenzi litakalopita mezani kwetu liwe na mstari wa bajeti wa usalama: majukwaa imara, kofia ngumu, glavu, na mchango wa Mfuko wa Fidia. Mstari huo utapunguza mabati machache kwenye paa. Msiuone kama uzembe wa kamati katika kubana matumizi. Wakati ripoti inasomwa, msiulize tu jengo limefika linta au la. Ulizeni pia ni mafundi wangapi waliumia, na walihudumiwaje.

Ulimwengu nao umelitambua jambo hili. Juni 2022, Mkutano Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na uhuru wa kujiunga na chama na kukomeshwa kwa kazi ya shuruti, ajira ya watoto na ubaguzi. Hivyo kijana wa Umbwe anayesema "mzigo huu umezidi" haombi fadhila, wala hana utovu wa nidhamu. Anadai kitu ambacho mataifa yamekubaliana kuwa ni chake.

Tunawaomba kila kamati iondoke hapa na kazi tatu za robo mwaka hii. Orodhesheni waajiri wote walio ndani ya mipaka ya parokia yenu, mkianza na parokia yenyewe. Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kutunza daftari la ajali. Na kabla ya msimu wa wageni wengi kuanza mwezi Juni, waiteni viongozi wa misafara na wapagazi wao meza moja, waseme hatari wanazoziona kabla hazijamvunja mtu mguu. Taarifa zenu zitatufikia ofisini, nasi tutazileta kwa wajumbe wote katika mkutano ujao.

Mungu awabariki, na awarudishe salama wote wanaopanda leo.